Kilichorithi Tundu la Flopi

Zamani, usoni pa kasha la kompyuta ya mezani kulikuwa na nafasi ya inchi 3.5, makao ya flopi. Apple ilipotoa iMac bila flopi mwaka 1998, wengi walishangaa. Lakini flopi ilibeba megabaiti 1.44 tu, picha chache za kamera ya dijitali zilitosha kuijaza.

Flopi ilipotoweka, kisoma kadi za kumbukumbu cha ndani kikahamia katika nafasi hiyo.

Kilikuja na matundu mengi, na chanzo chake ni ushindani wa makampuni. SanDisk ilileta kadi ya CompactFlash mwaka 1994, Toshiba ikafuata na SmartMedia, Sony ikatoa Memory Stick yake mwaka 1998, kisha Olympus na Fujifilm wakaongeza xD mwaka 2002. Aliyeumia ni mnunuzi: akibadilisha kamera, huenda kadi zake zote zisimfae tena.

Kadi ya SD, iliyotangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba, ndiyo iliyoshinda. Hata hiyo ilikuwa na mtego wake. SDHC ilipoingia mwaka 2006, ikibeba hadi gigabaiti 32, umbo lilikuwa lile lile, ila visoma kadi vingi vya awali havikuitambua. Ndiyo maana fundi makini alisoma kwanza maandishi ya boksi la kisoma kadi, kisha akafungua kasha kuangalia kama ubao mama una pini za USB zilizo wazi, kwa kuwa waya wa kisoma kadi cha ndani huchomekwa hapo.