Tona, au wino wa unga

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta Kariakoo kutafuta printa ya nyumbani, utaulizwa mapema: ya wino au ya tona? Mteja mgeni hujibu ya wino. Wino anaujua tangu shule ya msingi, na printa za wino ndizo zilizopangwa mbele, nyepesi, za bei ya chini, tena zinatoa rangi. Ananunua, anachapa fomu ya mtoto ya kujiunga na kidato cha kwanza, kisha anaifunika kitambaa isipate vumbi. Miezi minne baadaye anaihitaji kwa barua moja tu, nayo inatema karatasi yenye michirizi, au nyeupe kabisa. Katriji bado ina wino. Tatizo ni kwamba wino umegandia kwenye matundu.

Angeulizwa “ya wino wa maji au ya wino wa unga?” huenda angesita kidogo, akauliza. Baadhi ya mafundi huuliza hivyo, na nadhani wametangulia mbele ya watunga istilahi. Tona ni unga. Ni plastiki iliyosagwa ikawa laini mno, ikachanganywa na rangi. Chembe moja ina kipenyo cha mikromita 5 hadi 10 hivi, ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Haina maji ndani yake, kwa hiyo haina cha kukauka. Printa ya tona inaweza kukaa kabatini tangu Ramadhani hadi Krismasi, ukaiwasha, ikachapa.

Namna unga huo unavyoshika karatasi ni jambo la umeme tuli, ule ule unaovuta nywele kwenye kitana cha plastiki. Ndani ya printa kuna silinda ambayo mafundi huiita dramu. Uso wake hupewa chaji ya umeme, kisha mwale wa leza hupita juu yake na kubadilisha chaji mahali panapotakiwa herufi. Tona huvutwa mahali hapo tu. Karatasi inapopita, unga huhamia juu yake, na mwisho hupitishwa kati ya rola mbili, moja ikiwa na moto wa karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Plastiki inayeyuka na kushikamana na karatasi. Ndiyo maana karatasi hutoka ikiwa na vuguvugu. Ndiyo maana pia tona ikimwagika kwenye nguo haifai kufuliwa kwa maji ya moto: kung'uta kwanza, kisha tumia maji baridi, la sivyo utaiyeyushia kwenye uzi.

Ukavu huu haukuja kwa bahati. Mmarekani Chester Carlson alifanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni moja, akachoshwa na shida ya kupata nakala za michoro na nyaraka. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walisugua bamba la zinki lililopakwa salfa ili lipate chaji, wakalimulika kupitia kioo chenye maandishi, wakanyunyiza unga wa spora za mmea, wakaubana kwenye karatasi ya nta. Yakatokea maandishi: tarehe ya siku hiyo na jina la mtaa. Njia hiyo baadaye ilipewa jina la Kigiriki, zerografia, yaani mwandiko mkavu. Mashine ya kunakili ya Xerox 914 ilitoka mwaka 1959. Gary Starkweather wa kampuni hiyo hiyo akaongeza leza miaka kumi baadaye. Na mwaka 1984 HP ikauza LaserJet yake ya kwanza kwa dola 3,495. Leo printa ya aina hiyo inabebwa kwa mkono mmoja ndani ya daladala.

Sasa tuipeje jina tona kwa Kiswahili? Njia rahisi ni kulitohoa, na hilo limekwisha fanyika bila kikao chochote. Tona ni neno lililoingia vizuri, linakaa ngeli ya i-/zi-, halimsumbui mtu ulimi. Shida yake ni kwamba haliko peke yake sokoni. Duka la vipodozi linauza tona pia, ya kupaka usoni baada ya kunawa, nayo ni maji matupu. Kwa hiyo neno moja linataja kimiminika cha ngozi na unga wa mashine, na asiyejua hana pa kushika.

Njia ya pili ni kufuata Wagiriki: wino mkavu. Hapana. Wino mkavu ndio ugonjwa wenyewe wa ile printa nyingine. Mtu akikuambia “printa yangu ina wino mkavu,” fundi ataleta dawa ya kuzibua matundu.

Linabaki wino wa unga. Wakali wa lugha watasema plastiki haiwezi kuitwa wino, na kwa kipimo cha kemia wana haki. Lakini kwa Mswahili wino ni kile kinachoacha maandishi kwenye karatasi, awe ameuchovya kwa kalamu au ameukuta ndani ya kalamu ya bomba. Fasili hiyo ya matumizi inatosha. (Lipo na lile la mitaani, kwamba kuuza unga ni biashara nyingine yenye kesi ndefu, mwenye duka asiandike tangazo lake kwa kifupi.) Mimi ningeandika kwenye kamusi hivi: tona, wino wa unga wa plastiki unaotumiwa na printa za leza na mashine za fotokopi, ambao hushikishwa kwenye karatasi kwa moto. Tona iwe jina, wino wa unga iwe maelezo yanayotembea nalo mpaka watu wazoee.

Tofauti ya maji na unga inamhusu hasa mtu anayechapa mara chache. Printa ya wino wa maji hurusha matone kupitia matundu membamba kuliko unywele. Sehemu kubwa ya wino huo ni maji, na yakipotea rangi huganda hapo hapo mlangoni. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo mashine ikiwashwa baada ya kulala muda mrefu hujisafisha kwa kufyonza wino na kuutupa kwenye sponji iliyo chini. Unaweza kumaliza katriji kwa kusafisha zaidi kuliko kwa kuchapa. Katriji ndogo zinazouzwa na printa za bei nafuu, mfano HP 123 nyeusi, zina uwezo wa kurasa 120 hivi tangu mwanzo, basi kila usafishaji unaumiza.

Aliyekwisha kuinunua asikate tamaa. Achape ukurasa mmoja wenye rangi zote kila baada ya wiki mbili, hata kama hana cha kuchapa. Na aizime kwa kitufe chake, asichomoe ukutani ili kubana umeme wa LUKU: ukitumia kitufe, kichwa cha wino hurudi mahali pake na kufunikwa kifuniko kisipate hewa. Ukichomoa katikati ya kazi, kinabaki wazi.

Printa za tangi zimepunguza maumivu ya bei. Epson ilizitoa kwanza Indonesia mwaka 2010, nchi ambayo mafundi walikuwa wamezoea kutoboa printa za kawaida na kuziunganishia chupa za nje kwa mipira, ufundi waliouita infus, kama dripu ya hospitali. Kampuni ikaona heri iuze tangi yenyewe. Chupa nyeusi ya namba 103 yenye mililita 65 inahesabiwa kutoa kurasa 4,500, na kwa mwalimu anayetunga mitihani au mwenye kituo cha masomo ya ziada sijui kifaa kinachoishinda. Ila tangi limebadilisha bei ya wino tu. Matundu ni yale yale na maji ni yale yale, na mwenye kurasa tano kwa mwezi atakutana na michirizi ile ile, mara hii akiwa na lita robo ya wino usio na kazi.

Kwa mtu wa kurasa tano, printa ndogo ya tona, ya rangi nyeusi pekee, ndiyo inayofaa. Fanya hesabu. Printa nyingi mpya za kundi hilo huja na katriji ya kuanzia isiyojaa, labda ya kurasa 500. Kurasa tano kwa mwezi ni 60 kwa mwaka, kwa hiyo unga ule wa mwanzo unakupeleka miaka minane. Idadi hizo hupimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 tu, sawa na barua fupi, hivyo anayechapa michoro iliyojaa weusi apunguze matumaini. Picha za rangi azisahau, zipo studio. Jambo jingine ni umeme: ile rola ya moto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, kwa hiyo usiiunganishe kwenye UPS ya kompyuta wala inveta ndogo ya sola. Ichomeke ukutani.

Muuzaji hatakuambia, lakini jibu la swali lake la wino au tona linaweza kuwa: hakuna. Tuseme steshenari ya mtaani inachapa ukurasa kwa shilingi 200. Kurasa zako 60 ni shilingi 12,000 kwa mwaka. Printa ya shilingi 350,000 itakuchukua miaka 29 kurudisha pesa yake, kabla hujanunua rimu ya kwanza. Kwa hesabu hiyo mtu anayechapa mara chache hana sababu ya kumiliki printa kabisa, na wengi wamelijua hilo bila kalkuleta. Anayenunua ananunua saa: fomu iliyokumbukwa usiku wakati duka limefungwa. Wazazi wa Kenya waliufahamu usiku huo mtaala wa umilisi ulipoanza, kazi za nyumbani zikaja na picha za kutafuta na kuchapa kabla ya asubuhi.

Ananunua na faragha. Ukituma cheti cha kuzaliwa au nakala ya kitambulisho cha NIDA kwa WhatsApp ya steshenari, faili inabaki kwenye kompyuta inayotumiwa na kila anayepita. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya 2019, lakini sheria haifuti faili kwenye folda. Simama pale, omba ifutwe kwenye mazungumzo na kwenye folda ya vilivyopakuliwa, kisha na kwenye pipa la taka la kompyuta. Peleka PDF, usipeleke Word; barua iliyopangwa vizuri kwenye simu yako hufunguka pale ikiwa imevurugika, ukalipia kurasa mbili badala ya moja. Kama una flashi, ukirudi nyumbani usiichomeke kwenye kompyuta yako kabla ya kuipima virusi.

Kama umeamua kununua, utakutana na neno kujaza. Tona ikiisha, fundi hufungua katriji, humwaga mabaki, hutia unga mpya, na kwa printa nyingi hubadilisha chipu inayohesabu kurasa. Ni kazi halali. Huko Marekani kampuni ya Lexmark iliwahi kuuza katriji za tona kwa punguzo kwa sharti kwamba mnunuzi asizitumie tena, ikawashitaki Impression Products waliokuwa wakizikusanya, kuzijaza na kuziuza. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 30 Mei 2017 kwamba kampuni ikishauza katriji yake, haki zake za hataza juu ya kifaa kile zimekwisha. Hukumu haikugusa chipu, na chipu ndiyo inayosumbua huku kwetu: zipo printa ambazo zikisasishwa programu yake ya ndani kupitia intaneti huanza kukataa chipu zisizo za kiwandani. Anayepanga kujaza azime usasishaji huo siku ya kwanza.

Ubora wa unga nao unatofautiana. Unga usiolingana na mashine huyeyuka kwa joto jingine, ukashika vibaya. Pitisha kidole juu ya maandishi yaliyotoka sasa hivi, na kama yanafutika, unga si wake au rola ya moto imechoka.

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni printa ya leza iliyotumika, zile za ofisini zinazoletwa kwa makontena kutoka Ulaya, Dubai na Marekani. Zimejengwa kwa kazi nzito na kwa mtu wa kurasa 60 kwa mwaka hazitazeeka. Usiangalie uzuri wa sura. Mwambie muuzaji achape ukurasa wa taarifa za mashine, ambao mara nyingi hupatikana kwenye menyu au kwa kushikilia kitufe, na usome jumla ya kurasa zilizokwisha chapwa. Printa ya mezani yenye laki mbili na yenye elfu kumi na mbili zinaweza kung'aa sawasawa. Kisha igeuze usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 110 hadi 127V, mashine ilikuwa ya Marekani, na rola yake ya moto imetengenezwa kwa umeme wa huko. Tafuta yenye 220 hadi 240V, au jumlisha kwenye bei gharama ya transfoma kubwa ya kuubeba ule mkupuo, ambayo aghalabu huifuta nafuu yote.