Amina Rizk: Mama wa Jukwaa na Filamu za Misri

Katika nyumba zetu za Ghuba jina la Amina Rizk hulijua zaidi bibi kuliko mjukuu. Wengi wamemwona bila kumjua jina: yule mama wa Kimisri aliyevaa nyeusi, mwenye sauti nzito, anayelia kidogo na kunyamaza sana. Alifanya kazi hiyo kwa muda wa karibu miaka themanini.

Alizaliwa Tanta, mji wa Delta ya Nile, tarehe 15 Aprili 1910. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, mama akahamia Cairo pamoja naye na mama yake mdogo, Amina Mohamed. Huyu mama mdogo na mpwa wake walikaribiana umri, wakakua kama ndugu. Mwaka 1922 wote wawili walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, katika tamthilia ya mchekeshaji Ali al-Kassar. Amina Mohamed naye hakuwa mtu mdogo: mwaka 1937 aliongoza filamu yake mwenyewe, Tita Wong.

Lazima tukumbuke zama zile. Kwa muda mrefu waigizaji wa kike wa Cairo walikuwa zaidi Wayahudi na Wakristo wa Sham. Mounira al-Mahdiyya, mwimbaji, ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwislamu wa Misri kupanda jukwaani, mwaka 1915. Binti wa watu kuigiza mbele ya wanaume ilikuwa fedheha kwa ukoo mzima. Mimi niliyesomeshwa na mapadri naielewa fedheha hiyo. Shuleni kwetu tulipocheza Shakespeare, Portia alikuwa mvulana aliyefungwa kanga, na sijui mzazi mmoja ambaye angekubali binti yake asimame pale.

Aliyempa Amina nafasi ya kweli ni Youssef Wahbi, mtoto wa pasha, aliyejifunza uigizaji Italia na kutumia urithi wake kuanzisha kundi la Ramses mwaka 1923. Amina aliingia mwaka 1924 katika tamthilia ya Rasputin, akiwa na miaka kumi na minne. Ramses ilisifika kwa tamthilia za huzuni, watu wakitoka ukumbini na leso mkononi, na binti huyu akawa nguzo yake. Mwaka 1932 aliigiza na Wahbi katika Awlad al-Zawat, filamu inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Misri yenye sauti. Baadaye alihamia Jumba la Taifa la Tamthilia.

Filamu mbili ndizo zinazomweka juu, kwa maoni yangu. Ya kwanza ni Du'a al-Karawan ya 1959, iliyotokana na kitabu cha Taha Hussein. Humo ni mama wa mabinti wawili wa bara la Misri. Mmoja anaharibiwa na tajiri wake, na mjomba wa binti anamwua kwa jina la heshima. Mama yupo na anaona.

Ya pili ni Bidaya wa Nihaya ya 1960, kutoka kwa Naguib Mahfouz, iliyoongozwa na Salah Abu Seif. Karani wa serikali anakufa ghafla, anaacha mjane, wavulana watatu na binti mmoja. Pensheni ni ndogo, vyombo vya nyumba vinauzwa kimoja kimoja. Mimi nilikaa ofisini miaka mingi na nimewaona wajane wa makarani wakija dirishani na karatasi zao, wakiambiwa warudi wiki ijayo, kwa hiyo sikuweza kuitazama filamu hii kama hadithi tu. Bi. Amina hamfanyi mjane huyu kuwa mtakatifu. Ni mkali, anahesabu kila senti, anamtaka kijana mdogo awe ofisa, na binti, Nefisa, analipa gharama kwa cherehani yake na kwa mengine ambayo mama hayaoni. Omar Sharif ndiye kijana huyo. Farid Shawqi, anayeigiza mtoto wa kwanza, alipishana na "mama" yake miaka kumi tu.

Asidhaniwe kuwa aliweza kulia tu. Katika mchezo wa kuchekesha Innaha Haqqan A'ila Muhtarama, pamoja na Fouad el-Mohandes na Shwikar, alichekesha bila kucheka. Mchezo huo ulirekodiwa na televisheni za nchi za Kiarabu zimeurudia mara nyingi. Aliigiza pia katika misururu ya televisheni hadi uzeeni, na mwaka 1991 alikuwa mama wa Sheikh Hosni kipofu katika al-Kitkat ya Daoud Abdel Sayed. Mwaka huo huo aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Shura la Misri: yule binti wa jukwaani sasa anaketi na watunga sheria.

Hakuolewa kamwe. Magazeti yalisema mengi juu ya hilo, na mimi sina haja ya kuyarudia. Alifariki Cairo tarehe 24 Agosti 2003, akiwa na umri wa miaka 93.

Kwa vijana wanaojifunza Kiarabu cha Misri, waanze na al-Kitkat, maana ni nyepesi na ina kicheko. Bidaya wa Nihaya itazameni pamoja na wakubwa, kwa sababu mwisho wake ni mzito, na watoto watauliza maswali.