Sayari: Kuwajulisha Watoto wa Bugomora

Bugomora ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, iliyokuwa sehemu ya Karagwe kabla ya wilaya hiyo kugawanywa mwaka 2012. Nayo, kwa kuwa iko kusini kidogo tu ya istiwai, huwajaalia watoto wake kuzitazama sayari zikipita juu sana angani.

Zuhura yastahili kutangulia katika mafunzo, kwani hung'aa kupita nyota zote, magharibi baada ya jua kuchwa au mashariki kabla ya alfajiri, wala haihitaji darubini, kama zisivyoihitaji Utaridi, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Mtoto aelezwe kwamba nyota humetameta, ilhali nuru ya sayari aghalabu hutulia. Kisha ahesabu: Mushtarii hulizunguka jua kwa takriban miaka 12, basi aliyetimiza umri huo ameishi mwaka mmoja tu wa sayari hiyo, na hesabu hii, kwa rai yetu, humfaa kuliko kukariri orodha ya majina. Uranusi na Neptuni zaweza kungoja. Pluto, iliyohesabiwa zamani kuwa ya tisa, ilitolewa katika idadi ya sayari mwaka 2006.