Kingamwili za sungura na batobato ya muhogo

Wandugu, leo tuache siasa kidogo, tuzungumzie muhogo. Hasa ule ugonjwa wa batobato, unaoyafanya majani yajikunje na kuwa na mabaka ya njano. Kama wewe ni mla kisamvu kama mimi, hii inakuhusu.

Mjerumani Warburg aliuandika ugonjwa huu mwaka 1894, ukiwa huku kwetu. Mwaka 1938 Storey na Nichols, waliokuwa kituo cha Amani, milima ya Usambara, wakaeleza kwamba unaenezwa na inzi weupe. Lakini ilibidi kusubiri hadi 1983 ndipo Bock na Woods, wakifanya kazi Kenya, walipothibitisha kirusi kinachousababisha.

Sasa, mmea hauna kingamwili kama sisi. Kwa hiyo wataalamu huazima za mnyama: kirusi kinasafishwa, sungura anadungwa sindano, damu yake inatengeneza kingamwili. Mwaka 1977 Clark na Adams wa Uingereza walionyesha jinsi ya kuzitumia kupima mimea. Unachukua sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, unapaka kingamwili, unatia maji ya jani lililopondwa, kisha kingamwili nyingine zilizobeba kimeng'enya. Mwisho unatia dawa. Kishimo kikigeuka njano, jani lina kirusi. Majani mengi hupimwa kwa siku moja, na kwa muhogo hilo ni jambo kubwa, maana tunapanda pingili. Ukikata pingili kwenye mti mgonjwa, umepanda na ugonjwa.

Baadaye zikaja kingamwili za aina moja tu, zinazoshika sehemu moja ya kirusi, kwa njia waliyoigundua Köhler na Milstein mwaka 1975. Kwa hizo, kina Harrison kule Scotland wakaweza kutofautisha kirusi cha muhogo kilichoenea Afrika Magharibi hadi magharibi mwa Kenya na kile cha pwani yetu.

Halafu ikaja Uganda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali isiyo ya kawaida ilianza kufyeka mashamba huko, wakulima wengine wakaacha kabisa kulima muhogo. Kipimo cha kingamwili kikawa kinajibu: ni kirusi kile kile cha zamani. Mkulima anaona kwa macho yake kuwa huyu ni mgeni, sahani inakataa! Mimi ningemwamini mkulima.

Mwaka 1997 watafiti waliosoma vinasaba wakaeleza kisa chake. Virusi viwili vilikuwa vimechanganyika. Sehemu kubwa ya mwili ilikuwa ya kile cha pwani, lakini ganda lake kwa kiasi kikubwa lilikuwa la kile kingine. Na kingamwili huona ganda tu, ndani hazifiki. Isitoshe, miti iliyoumia zaidi ilikuwa na kirusi hiki kipya na kile cha zamani kwa pamoja.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshaingia magharibi mwa Kenya, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha ukafika Kagera.