Utambuzi wa mtelezo

Utambuzi wa mtelezo ni uwezo wa mkono wa roboti kuhisi kwamba kitu kinaanza kuponyoka, kabla hakijaanguka. Huko Lubunga, ukingo wa kushoto wa mto Kongo mjini Kisangani, anayeshika kambale mbichi hufanya hivyo bila kufikiri: vidole hukaza vyenyewe. Roland Johansson na Göran Westling wa Uswidi waliueleza utaratibu huo mwaka 1984.

Roboti hutumia vihisi. GelSight, iliyozaliwa MIT mwaka 2009, hutazama jeli laini kwa kamera. Alama zilizowekwa kwenye jeli hiyo zikianza kusogea, hasa pembezoni, mtelezo umekaribia.

Samaki ndiye mtihani. Ute hupunguza msuguano, na nyama ikibonyea alama husogea hata pasipo mtelezo. Roboti ikaze zaidi? Itamponda, au atafyatuka kama sabuni.