Mbwa Aliyekatazwa: Usasi wa Kwale, Sheria na Shamba la Mkulima Katika Historia ya Ufaransa

1. Utangulizi

Mbwa wa usasi ni wa namna nyingi. Wako wanaomfuata mnyama kwa harufu mpaka achoke. Wako wanaomkimbiza kwa macho. Wako pia wanaomtoa kichakani ili aingie wavuni. Namna moja, hata hivyo, hufanya kinyume cha hao wote. Anapopata harufu ya ndege aliyejificha majanini, mbwa huyo husimama. Habweki wala harukii. Hukaa kimya, pua ikielekea palipo ndege, mara nyingi mguu mmoja ukiwa umeinuliwa, mpaka bwana wake afike. Kwa Kifaransa cha leo huitwa chien d'arrêt, yaani mbwa wa kusimama. Zamani aliitwa chien couchant, yaani mbwa wa kulala.

Mbwa huyu hutumika hasa katika majira ya vuli ya Ulaya, kuanzia mwezi wa Septemba, kwa kuwinda kwale na ndege wengine wa mashambani na mwituni. Kwa mtazamo wa kwanza, jambo hili laonekana kuwa mchezo wa matajiri usiostahili kumshughulisha mwanahistoria. Lakini mbwa huyo mpole, asiyemdhuru mtu, alipigwa marufuku na wafalme wa Ufaransa mara kadhaa, na haki ya kuwinda ndege aliowatafuta ilijadiliwa katika usiku mmoja mashuhuri kuliko yote ya Mapinduzi ya mwaka 1789. Makala hii yakusudia kueleza sababu za marufuku hayo, jinsi yalivyoondoka, na yale yaliyobaki baada yake.

2. Mbwa na wavu

Ushahidi ulio maarufu zaidi kuhusu mbwa huyu watoka kwa Gaston wa Tatu, bwana wa Foix, aliyejulikana kwa jina la Fébus. Bwana huyo, aliyefariki mwaka 1391, aliandika kati ya mwaka 1387 na 1389 kitabu cha usasi kilichonakiliwa mara nyingi kwa mkono na kupambwa kwa picha. Humo ataja mbwa wa ndege, ambao asema asili yao ni Hispania. Awasifu kwa jinsi wanavyompenda bwana wao na kumtafutia kwale, na kuwalaumu kwa ugomvi na kelele. Aeleza pia kwamba mbwa hao wakifundishwa kulala chini, hufaa kwa kukamata ndege kwa wavu.

Hapa ndipo ilipo maana ya jina la zamani. Bunduki haikuwa bado silaha ya kuwindia ndege. Wasasi walitumia kozi na vipanga waliofunzwa, au wavu. Katika usasi wa wavu, mbwa alitambua mahali kundi la kwale lilipojibanza, akalala kifudifudi. Watu wawili walikuja na wavu mpana, wakaukokota juu ya majani, wakawafunika ndege, na mara nyingine mbwa mwenyewe pamoja nao. Kwale hawakuruka kwa sababu hutegemea rangi yao na utulivu wao kujificha; walipotambua hatari, wavu ulikuwa umekwisha shuka.

Lugha imehifadhi kumbukumbu ya kazi hiyo. Neno la Kifaransa épagneul hufasiriwa na wengi kuwa lilimaanisha "wa Hispania", ingawa wako waliolihusisha na kitenzi cha kale chenye maana ya kujilaza. Waingereza nao huita aina moja ya mbwa hao setter, kutokana na kitenzi kinachohusu kukaa na kutulia. Kwa hiyo jina lilibaki likisimulia kulala na kuchutama hata baada ya mbwa mwenyewe kufundishwa kusimama wima.

3. Marufuku ya wafalme

Tangu mwisho wa karne ya 14, wafalme wa Ufaransa walijaribu kuwanyima watu wasio wa ukoo bora haki ya kuwinda. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kuwahifadhi wanyama, na kumzuia mkulima na fundi asiache kazi yake. Katika karne ya 16 na ya 17, mbwa wa kulala alitajwa waziwazi katika amri za kifalme. Amri kuu ya mwaka 1669 juu ya Maji na Misitu, iliyotolewa na Louis wa 14, iliutia usasi wa kutumia mbwa huyo miongoni mwa mambo yaliyokatazwa.

Kwa nini aogopwe mbwa huyu, na si yule mkubwa wa kukamata nguruwe mwitu? Jibu limo katika wavu. Kuwinda paa dume kwa farasi na kundi la mbwa kulihitaji mali, watumishi na kelele. Mtu maskini asingeweza kulifanya jambo hilo kwa siri. Lakini mbwa mmoja wa kulala na wavu mmoja viliweza kutwaa kundi zima la kwale kwa mara moja, bila mlio, alfajiri, na kwa gharama ndogo. Mbwa huyo alikuwa chombo cha mtu mdogo, na kwa sababu hiyo alionekana kuwa adui wa usasi wa mabwana.

Kukatazwa kwake, hata hivyo, hakukumfanya atoweke. Amri inayorudiwa mara kwa mara yadokeza kwamba haitiiwi. Isitoshe, wenye amri hawakujinyima. Mwaka 1702 mchoraji François Desportes aliwachora mbwa majike watatu wa Louis wa 14, Bonne, Nonne na Ponne, wakiwa katika kazi yao ya kuwaonyesha ndege. Baadaye Jean-Baptiste Oudry aliwachora mbwa wa Louis wa 15. Mfalme aliyekataza ndiye aliyeagiza picha. Mbwa wa mkulima aliandikwa katika sheria. Mbwa wa mfalme aliandikwa jina lake kwa rangi ya dhahabu ukutani.

Wakati huohuo silaha ilikuwa ikibadilika. Bunduki ya gumegume, iliyotengenezwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, iliwaka upesi kuliko zile za utambi. Pamoja na marisau madogo, ilimwezesha msasi kumpiga ndege akiwa angani. Polepole mbwa hakuhitaji tena kulala ili wavu upite juu yake. Ilitosha asimame, bwana wake amwone kwa mbali, akaribie na kuwarusha ndege. Ndivyo mbwa wa kulala alivyogeuka kuwa mbwa wa kusimama.

4. Kwale na shamba la mkulima

Kwa mkulima, shida haikuwa tu kunyimwa nyama. Shida kubwa ilikuwa shambani mwake. Katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya usasi wa kifalme, yaliyoitwa capitaineries, kanuni za kumlinda kwale zilimfunga mwenye shamba mikono. Alizuiwa kupalilia au kukata majani kabla ya tarehe fulani, ili viota na makinda visisumbuliwe. Mbwa wake ilibidi afungwe gogo shingoni asiweze kukimbiza mawindo. Sungura na ndege walikula mbegu zake, naye hakuruhusiwa kuwaua. Mwingereza Arthur Young, aliyesafiri Ufaransa kati ya mwaka 1787 na 1790 akichunguza kilimo, alizitaja kanuni hizo kuwa ni balaa kwa wakulima.

Mwanzoni mwa mwaka 1789, watu walipoombwa kuandika madaftari ya malalamiko yao kwa ajili ya mkutano mkuu wa taifa, haki ya pekee ya kuwinda ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa sana vijijini. Kisha ukaja usiku wa tarehe 4 Agosti 1789. Katika Bunge la Taifa mabwana walisimama mmoja baada ya mwingine wakikana haki zao za kikabaila. Aliyependekeza kufutwa kwa haki ya pekee ya kuwinda alikuwa askofu wa Chartres, de Lubersac. Yasimuliwa kwamba bwana mmoja, du Châtelet, alipoona askofu anatoa kitu kisicho chake, aliamua naye kupendekeza kufutwa kwa zaka za kanisa.

Kifungu cha tatu cha maazimio ya Agosti 1789 kilifuta haki hiyo ya pekee pamoja na maeneo ya usasi wa kifalme, kikampa kila mwenye ardhi ruhusa ya kuwaua mawindo katika ardhi yake, kwa kufuata kanuni za usalama. Kifungu hichohicho kilimtaka rais wa Bunge amwombe mfalme awarudishe waliopelekwa kwenye kazi ya shuruti au uhamishoni kwa kosa la kuwinda tu, na kuwafungua waliokuwa gerezani. Maneno hayo machache yatosha kumwonyesha msomaji bei ya ndege mmoja katika utawala wa zamani.

5. Kutoka nasaba hadi ardhi na kibali

Haki ilihama, lakini haikuenea kwa wote. Sheria ya Aprili 1790 ilimkataza mtu kuwinda katika ardhi ya mwingine bila idhini. Kabla ya hapo aliulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?", sasa aliulizwa, "Shamba hili ni la nani?" Kibarua asiye na ardhi alibaki mlangoni.

Sheria ya tarehe 3 Mei 1844 iliupa usasi sura ambayo kwa sehemu kubwa imedumu. Kila msasi alitakiwa kuwa na kibali cha franka 25, ambazo 15 zilikwenda serikalini na 10 kwa wilaya yake ndogo. Mkuu wa kila jimbo alitangaza siku ya kufungua na ya kufunga msimu. Msimu ulifunguliwa mwishoni mwa kiangazi au mwanzoni mwa vuli, kwa sababu mbili zilizoeleweka na kila mkulima: nafaka imekwisha vunwa, na makinda ya kwale yamekwisha kuwa ndege wa kuruka. Sheria hiyo pia ilikataza nyavu na mitego mingi. Hivyo mambo yakapinduka: mbwa aliyekatazwa akawa halali, na wavu uliomfanya akatazwe ukawa haramu.

Ufundi nao ulisaidia. Tangu miaka ya 1830, bunduki ya Casimir Lefaucheux, iliyopakiwa risasi kwa nyuma badala ya kushindiliwa mdomoni, ilirahisisha kazi ya msasi. Mbwa wa Kiingereza waliletwa kwa wingi na kuchanganywa na wale wa wenyeji. Katika Bretagne, mbwa wadogo wa wakulima walipata damu ya mbwa wa wageni. Mwaka 1907 wafugaji wao waliunda chama chao mjini Loudéac. Kutoka katika mbwa hao wa watu wadogo ilitokea aina iitwayo épagneul breton, ambayo leo hufugwa katika nchi nyingi za dunia.

6. Kengele mbili

Katika misitu ya Bretagne, ndege atafutwaye katika vuli ni bécasse, mwenye mdomo mrefu, ambaye huhama kutoka kaskazini na mashariki mwa Ulaya. Kwa kuwa kichaka huficha mbwa, msasi humvika njuga shingoni. Maadamu njuga yalia, mbwa angali akitafuta. Njuga ikinyamaza, msasi hujua kwamba mbwa amesimama mbele ya ndege.

Msomaji wa Kongo atakumbuka mbwa wa kaskazini-mashariki mwa nchi, ambaye Wazungu humwita basenji. Naye huvikwa kengele, ya mti, kwa sababu habweki kama mbwa wengine. Lakini kengele yake ina maana tofauti: sauti yake huwajulisha wasasi mahali alipo, na huwasukuma wanyama waelekee kwenye nyavu. Kule ukimya ndio habari. Huku mlio ndio habari. Mbwa wawili, mafundi wawili, na elimu mbili zilizojengwa na watu bila kuandikwa kwanza katika kitabu chochote.

Kuna uhusiano mwingine, ambao ni wa sheria. Fikra ya kibali na msimu iliingia Kongo pamoja na utawala wa Kibelgiji. Mfano ni dekreti ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya usasi na uvuvi. Baada ya uhuru, sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, iliyotungwa wakati nchi ikiitwa Zaire, iliendelea kuufungamanisha usasi na kibali.

7. Hitimisho

Katika Ufaransa yenyewe mjadala haukwisha. Sheria ya tarehe 10 Julai 1964 iliwalazimu wenye ardhi ndogo katika maeneo mengi kuunganisha haki zao za usasi katika vyama vya wilaya, ili wasio na ardhi nao wapate nafasi. Tarehe 29 Aprili 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haikuwa haki kumlazimisha mtu anayepinga usasi kuitoa ardhi yake kwa njia hiyo, na sheria ya Julai 2000 ikampa njia ya kujitoa. Wakati huohuo kwale wa kijivu wamepungua sana tangu katikati ya karne ya 20, hasa kwa sababu ya kilimo cha mashine na madawa: kingo za mashamba zimelimwa, na wadudu waliowalisha makinda wameuawa. Amri za wafalme zilimfunga mkulima mikono kwa ajili ya ndege. Kilimo cha leo kimemfungua, na ndege hana tena pa kujificha.

Historia ya mbwa huyu yafundisha kwamba sheria ya usasi haihusu wanyama tu. Ndani yake mna swali la nani apewe ardhi, nani alipwe mazao yaliyoliwa, na nani aadhibiwe kwa kujitafutia chakula. Wanakijiji wa Kongo wanaolima kando ya hifadhi, kama ile ya Upemba iliyoundwa mwaka 1939, wanalijua swali hilo bila kufundishwa. Wafaransa walilijibu kwanza kwa marufuku, kisha kwa mapinduzi, na mwishowe kwa kibali na mahakama. Anayetunga sheria ya wanyama bila kumsikiliza mwenye jembe hana budi kujua kwamba malalamiko yale yatakuja kuandikwa, leo au kesho, katika daftari jingine.