Asilimia 85: Bima ya Umma na Wauguzi wa Afya ya Akili Nchini Marekani, 1965–2014

Makala haya yanachunguza namna Medicare, bima ya umma ya wazee na watu wenye ulemavu nchini Marekani, ilivyowalipa wauguzi wabobezi wa afya ya akili. Hoja yetu ni kwamba sheria iliwatambua kabla hesabu za malipo hazijawatambua.

Ubobezi ulitangulia bima. Katika miaka ya 1950, Hildegard Peplau alianzisha Chuo Kikuu cha Rutgers mafunzo ya uzamili ya uuguzi wa akili. Mwaka 1965, mwaka ilipopitishwa sheria ya Medicare, Loretta Ford na Henry Silver walianza Colorado kuwaandaa wauguzi wa kuchunguza na kutibu wagonjwa. Sheria ya mwaka 1977 iliruhusu huduma zao zilipwe katika kliniki za vijijini zenye uhaba wa madaktari. Sheria ya Bajeti ya 1997 ndiyo iliyowawezesha, kuanzia Januari 1998, kulipwa moja kwa moja kokote, kwa asilimia 85 ya kiwango cha daktari.

Hata hivyo, huduma ileile ikidaiwa kwa jina la daktari msimamizi, kwa masharti maalumu, hulipwa asilimia 100. Kliniki ikapata faida kwa kulificha jina la muuguzi.

Mgonjwa naye alielemewa: alichangia asilimia 50 ya matibabu ya akili yasiyohitaji kulazwa, ilhali kwa maradhi mengine alichangia 20. Sheria ya 2008 iliondoa tofauti hiyo hatua kwa hatua hadi 2014.

Kwa hiyo, hati za malipo hutuonyesha aliyelipwa. Aliyemhudumia mgonjwa hatuna budi kumtafuta kwingine.